Kemilembe Asilale Kwenye Nyasi Zile

Ijumaa, asubuhi. Mvua ya msimu wa senene imekatika sasa hivi, migomba bado inadondosha maji. Baridi.

Kemilembe anakuja leo.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Herufi alinifundisha mke wa tajiri wangu pale Kayanga, Bi Zuhura, alipochoka kuniona nachanganya alama za mizigo. Kwao ni pwani, huko hata watoto wanaandika. Mimi nilijua kidogo, najua kidogo hadi leo. Naandika polepole, kwenye karatasi zinazofungiwa vitambaa vya dukani. Hapa kijijini hakuna anayeweza kusoma. Kwa hiyo hapa naweza kusema kweli.

Kweli ni hii. Mke wangu hakufa kwa homa.

Alikufa kwa ndui. Mtoto pia.

Nimeandika. Mkono ulisimama kidogo, sasa unaendelea.

Kijiji kizima kinajua ilikuwa homa. Mkungu, mkubwa wa kijiji chetu, anajua homa. Wakwe zangu kule Mabira wanajua homa. Niliwaambia mimi, na uso mkavu. Mwezi wa pili huu nasema homa, homa, mpaka siku nyingine nasahau kwamba nadanganya.

Sababu ni amri. Ilitoka boma la Wadachi, mkungu akaipigia ngoma njia panda. Ndui ikiingia nyumbani kwako, sema. Nyumba ichomwe. Maiti isizikwe kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, ipelekwe kule bondeni kwenye mafunjo. Hakuna kulia, hakuna kukaa msiba. Anayeficha atapigwa viboko hamsa ishirini na kibanja chake atapewa mtu mwingine.

Wafu wa bondeni nawajua. Ndui iliyopita nilikamatwa nibebe mmoja, kwa sababu mimi nina alama usoni, niliugua nikiwa mdogo na mwenye alama haugui tena. Tulimlaza kwenye majani yenye maji. Hata kaburi hatukuchimba. Tulirudi mbio, na nyuma yetu fisi wameshaanza kuitana, jua bado halijazama.

Kokugonza, mke wangu, hakuwa mtu wa kwenda kule.

Nilichimba mwenyewe, alfajiri, nyuma ya nyumba, katikati ya migomba aliyoipanda yeye. Nilimfunga na lubugo, lile gome letu tunalozikia watu. Mugisha nilimlaza kifuani kwa mama yake. Miaka miwili yote hakuwahi kulala peke yake, sikuona kwa nini aanze siku ile.

Halafu watu wakaja kulia.

Kwetu watu hulala msibani. Wanaingia ndani, wanajaa, wanalala kwenye nyasi za sakafuni bega kwa bega na mfiwa, siku kadhaa, mpaka mfiwa achoke kuwasikia wakikoroma. Ndiyo dawa yetu ya msiba. Mimi nilisimama mlangoni na panga. Nikasema lieni hapo hapo nje, mkimaliza nendeni.

"Mwanaume gani wewe?" aliniambia Mae Nyamwiza, mama mzee wa kibanja cha jirani. "Unafukuza machozi ya watu?"

Akatema mate chini akaondoka, na wengine wakamfuata.

Tangu siku ile hawanisalimii. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Wapo wanaosema nilimuua.

Hawajakosea sana.

Hili nalo niliandike. Nilikuwa nimetoka Bukoba na msafara wa tajiri, tulipeleka ngozi na kahawa kavu, tukarudi na chumvi na vitambaa. Njiani mpagazi mmoja aliugua. Tukamwacha chini ya kibanda cha majani, na asubuhi alikuwa amekufa. Alikuwa na blanketi, jekundu, zito, la dukani. Wenzangu wote walilipita. Mimi nina alama, sikuogopa kitu. Nikalikunja nikaliweka juu ya mzigo. Nilijisemea, Kokugonza anasikia baridi sana msimu huu.

Alifurahi. Alilinusa, akasema linanuka safari. Akajifunika na mtoto.

Nilijua ndui inakaa kwenye nguo. Wapagazi wote wanajua. Lakini nilikuwa nimejiwazia mimi na uso wangu huu, sikuwaza nyuso zao.

Basi. Nimesema.

Sasa nyasi.

Nyumba zetu hizi za msonge chini tunatandika nyasi. Kokugonza alikuwa fundi wa kutandika. Wiki moja kabla hajaugua alikata nyasi mpya kule mlimani, akazitandika ncha zote zinatazama mlangoni, na pembeni akazisuka kama mkeka. Humo aliugulia. Humo mtoto alijikuna mpaka maganda yakaanguka. Upande wa kulia wa moto nyasi bado zimelala, umbo la mtu na umbo dogo kando yake. Mimi nalala upande wa kushoto. Sijazigusa.

Na kwa desturi sitakiwi kuzigusa. Nyasi za msiba hazitolewi na mfiwa. Anakuja mdogo wa marehemu, au dada yake, au mtu mwingine wa kwao. Analala humo ndani siku mbili, kwenye nyasi zile zile, analia, anaongea na ndugu yake. Siku ya tatu anazitoa, anatandika mpya, mfiwa ananyolewa nywele na msiba umekwisha. Mwanaume akizitoa mwenyewe, maana yake alikuwa na haraka mkewe afe.

Jumanne wachuuzi wa chumvi wakaniletea salamu kutoka Mabira. Kemilembe anakuja na shangazi yake. Wataingia Ijumaa jua likiwa utosini.

Kemilembe ni mdogo wa mke wangu, wamefuatana ziwa moja. Uso wake hauna alama hata moja. Ndui ilipopita Mabira zamani, baba yao aliwaficha mlimani na mbuzi mpaka ikaisha. Kokugonza alikuwa ananisimulia huku anacheka, walivyokunywa maziwa tu wakanenepa. Wote wawili wakabaki laini. Mmoja tayari nimemlaza chini.

Tangu Jumanne sijapata usingizi wa maana. Nimefikiria yote. Nimefikiria kuchoma nyumba niseme ni moto wa jikoni. Mara mbili nilishika kijinga cha moto, mara mbili nikakirudisha mafigani. Si kwa kuogopa moto. Ni lile umbo kwenye nyasi. Nikichoma, halipo tena popote duniani.

Na kuna jambo lingine, hili ni baya zaidi. Nataka aje.

Ana sauti ya dada yake. Anacheka vile vile, kwa kupanda. Na wapo wanaosema wakwe wanaweza kumwacha moja kwa moja, awe mke wangu, kiti kisikae wazi. Jana nilijikuta nafagia uani. Nilifagia vizuri. Nikajiambia pengine nyasi zimeshakauka, pengine ndui imekufa yenyewe, miezi miwili ni mingi. Nikajiambia hivyo mara nyingi. Nilijiambia hivyo hivyo kuhusu blanketi.

Jua linapanda. Watakuwa wameshashuka kilima cha pili.

Nikisema, napoteza nyumba, kibanja, ngozi ya mgongo, na pengine wanamfukua Kokugonza wampeleke bondeni. Nikinyamaza, Kemilembe atalala pale.

Naenda mtoni. Sijui nitasema nini.

*

Ijumaa hiyo hiyo. Alasiri. Jua lipo bado, moshi unalificha.

Naandikia kibanjani, nimekaa kwenye mgomba ulioanguka. Naandika haraka, mwandiko ni mbaya.

Mtoni nilikuta wanawake watatu wanachota maji. Mmoja wao alikuwa Mae Nyamwiza. Waliniona wakanyamaza kama kawaida yao. Nikasimama upande wetu wa mto, karibu na kivuko, natazama njia ya ng'ambo.

Nilimsikia kabla sijamwona.

"Muramu!" Ndivyo tunavyomwita shemeji. "Muramu, umekuja kunipokea au unatafuta pa kunikimbilia?"

Ni sauti ile ile. Akatokea kwenye matete, tita la nyasi mbichi kichwani, kibuyu mkononi. Nyuma yake shangazi mtu, na fimbo.

"Tazama alivyokonda," akasema Kemilembe. "Shangazi, hebu mshike nisije nikampulizia pumzi akaanguka mtoni."

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Pole, pole sana na msiba. Mbona unatuamkia kutoka huko? Njoo utupokee mzigo."

"Msivuke."

"Eti?"

"Msivuke. Rudini. Kuna chui."

Ndiyo akili niliyokuwa nayo. Chui. Siku tatu za kufikiri, nimetoa chui.

Kemilembe akacheka. "Chui amekaa na wewe miezi miwili hajakula? Basi huyo hapendi mifupa. Mwambie nimekuja na nyama kidogo." Akajipiga paja.

Mwanamke mmoja kwenye maji akaguna, nusu anacheka.

Nikasema, "Nyasi nimeshatoa. Mwenyewe. Hakuna kazi tena hapa, rudini nyumbani."

Hapo kicheko kikaisha. Shangazi akachomeka fimbo kwenye tope.

"Umetoa nyasi za mtoto wetu?" akasema. "Kabla mtu wa kwao hajafika? Kwa hiyo ni kweli wanayoyasema njiani. Tumeyasikia, Kamuhanda. Tumekuja tukisema si kweli, si yule kijana tunayemjua."

Niliona njia pale. Ningekubali tu. Ningesema ndiyo, nimezitoa, nilikuwa nimemchoka. Wangenilaani wakageuka, Kemilembe angekuwa salama na mimi ningebaki na nyumba yangu na nyasi zangu. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nusu nilikuwa nimeshasema.

"Muongo," Kemilembe akasema. Alikuwa ananitazama usoni. "Nakujua wewe. Ukidanganya unaangalia miguu. Hujatoa kitu. Na kama umetoa, nitalala kwenye udongo mtupu, nitalala kwenye majivu ya moto wake, mpaka nimuage dada yangu. Sikutembea siku mbili kuja kugeuzwa na wewe."

Akapandisha nguo yake magotini akaingia majini.

Hatua moja. Mbili. Maji yanampita miguuni, ananitazama tu. Hatua ya tatu.

"Ndui!"

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

"Ndui, Kemilembe! Ilikuwa ndui! Dada yako, mtoto, wote. Iko kwenye nyasi. Usije!"

Alisimama katikati ya mto. Nyuma yangu mtungi ulivunjika. Wanawake wawili walikimbia, wanapiga yowe kupanda kijijini, neno lile lile, ndui, ndui. Nikajua limekwisha. Halirudi mdomoni tena.

Shangazi alimkamata Kemilembe mkono akamvuta kurudi upande wao. Tita la nyasi lilimwanguka kichwani, maji yakalichukua. Hakulifuata.

Halafu Kemilembe akauliza. Si kwa kelele. Nilimsikia kwa sababu mto ule si mpana.

"Nani alikuwa anampa maji?"

"Mimi."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Nilikuwa nachovya kitambaa. Mdomo ulikuwa umejaa vidonda."

"Alisema nini?"

Hakuna mtu aliyeniuliza hilo. Miezi miwili, hakuna. Na nani angeuliza, nilikuwa nimeshika panga.

"Alisema mtoto ageuzwe, upande ule unamuuma," nikasema. "Mtoto alikuwa ameshakufa. Nikamgeuza."

Kemilembe alikaa chini kwenye tope. Alilia kwa kujipiga mapaja. Shangazi alikuwa bado amesimama, uso umekuwa jiwe. Akaniambia, "Ungetuma mtu utuambie. Tungelia kilio chake. Tumelilia homa."

"Mngesema achukuliwe bondeni."

"Tungesema hivyo, ndiyo," akasema shangazi. "Halafu mama yake angekataa. Na mimi ningekataa. Ulituona sisi ni nani?"

Na habari ya blanketi nikawaambia. Nilisema lote, pale pale, nimesimama kama mtu anayeshtakiwa. Nilidhani Kemilembe atanilaani. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kamasi kwa mkono, akasema, "Lilikuwa jekundu?"

"Jekundu."

"Alikuwa anapenda nyekundu." Kisha akasimama. "Nenda kachome, muramu. Mimi ndiye wa kutoa nyasi za dada yangu. Nazitoa kutoka huku. Nitasimama kwenye kile kilima, sitaondoka mpaka nione moshi. Ukinidanganya nitajua, nitavuka, na nitalala humo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Angalia mimi, siyo miguu."

Nikamwangalia. Uso ulivimba kwa kulia, umejaa tope, na laini wote. Hauna hata shimo moja.

Nikapanda nyumbani.

Mlango wa kijiji ulikuwa mtupu, watu wamejifungia. Niliingia ndani. Nilitoa jembe, panga na karatasi hizi. Kijinga cha moto kilikuwepo, moto wangu hauzimiki. Nikasimama nacho.

Nitasema kweli. Nilikirudisha tena. Mara ya tatu.

Nililala kwenye nyasi, upande wa kulia, upande wao. Tangu walipokufa sikuwahi kulala pale. Nililala kwenye lile umbo, na umbo likavunjika, kwa sababu mimi ni mkubwa kuliko yeye. Zile nyasi zilizosimama pembeni zikaanguka. Nikageuka kutazama, na halikuwepo tena. Nyasi tu, zimekunjwa kunjwa.

Nilicheka. Sijui kwa nini. Nilikuwa nalinda kitu kama yai, na nimekivunja kwa mgongo wangu.

Nikaamka nikawasha.

Paa lilikuwa na maji ya mvua, lilikataa kwanza. Chini kulikuwa kukavu, kulishika mara moja. Moto ulipanda kwenye nguzo, ukafika juu, na moshi ukatoka mweupe, mzito, kisha mweusi. Nilikuwa nimesimama uani, nywele zinaungua ncha.

Na hapo nikamsikia. Kutoka kile kilima cha ng'ambo, sauti ya Kemilembe inaita. Kokugonza we! Kokugonza, mtoto wa mama, we! Shangazi anapokea. Ni kilio chetu, chenyewe, kile nilichokizuia mlangoni kwa panga. Kilipita juu ya bonde lote. Hakuna aliyeweza kukizuia, wala amri haikusema kitu kuhusu kilima cha ng'ambo.

Nilipiga magoti. Nililia na mimi, kwa sauti. Mwanzoni sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Nilikuwa bado nalia nilipopigwa fimbo mgongoni.

Nikageuka nikamkuta Mae Nyamwiza. Kumbe mtoni hakukimbia na wenzake. Akanipiga ya pili.

"Mjinga wewe," akasema. "Mjinga wa wajinga. Nitazame usoni. Nitazame!"

Nikamtazama. Ni mzee, uso una makunyanzi mengi, sijawahi kuuchunguza. Kati ya makunyanzi kuna mashimo. Shavuni, kwenye paji, mpaka puani. Kama yangu.

"Nilikuja kulala msibani na mtu mwenye uso kama wangu," akasema. "Ukanionyesha panga. Ungeninong'oneza tu. Neno moja sikioni. Ningeingia, ningekaa, ningekupikia uji. Tuko wanne kijiji hiki wenye nyuso hizi, tungelala humo ndani tukanywa rubisi mpaka utuchoke. Nani alikwambia uko peke yako?"

"Niliogopa watasema kwa mkungu."

"Ungeniogopa mimi kwanza." Akanipiga ya tatu, hii nyepesi. Halafu akaniuliza wako wapi.

Nikamwonyesha. Akaenda kati ya migomba, akapiga magoti kwa shida, akaweka kiganja juu ya udongo. Alisema nao kwa lugha yetu, maneno ya wanawake, sikusikiliza yote. Alimsalimia Mugisha kwa kumwita mwanaume mzima.

"Mkungu atawafukua," nikasema.

"Kwa mikono ya nani? Mkungu hana alama. Askari wake hawana alama. Anayeweza kufukua hapa ni mimi na wewe na wale wengine wawili, na mimi kiuno kinaniuma." Akakung'uta udongo kiganjani. "Kibanja anaweza kukuchukulia. Hilo sitakudanganya. Na kiboko utakula, tena unakistahili. Ila makaburi hakuna wa kuyagusa."

Aliniamuru nivue nguo yangu niitupe motoni. Nikavua. Alinitupia kipande cha lubugo chake cha zamani, nimejifunga kama mzee. Alikwenda kwake, akarudi na ndizi mbili za kuchoma, za moto, zimeshikwa majivu. Akanipa mkononi. Mkono wake umegusa wangu. Mara ya mwisho kuguswa na mtu sikumbuki.

Nimekula zote mbili. Nimeona njaa, njaa ya kweli, mpaka tumbo linauma. Nimeomba ya tatu. Akasema, "Hapa ni kwa mama yako?" lakini amekwenda kuileta.

Mkungu ametuma mtu. Alisimama mbali kabisa, barabarani, akapaza sauti: kesho asubuhi niende njia panda, nisipite katikati ya kijiji. Nimemjibu nitakuja. Mae Nyamwiza amesema tutakwenda wote na atazungumza yeye, mimi ninyamaze kwa sababu sijui kudanganya na sijui kusema kweli. Sijui atasema nini. Nitaomba kitu kimoja tu, kwamba mtu atakayepewa kibanja hiki aache migomba ile mitano ya nyuma.

Naogopa. Mgongo unaogopa, hasa. Lakini siogopi kama asubuhi.

Lile la blanketi halijaondoka. Moto haukulichukua, na kiboko hakitalichukua. Nitatembea nalo. Sijui ni kwa muda gani, na sitajiuliza leo.

Nyumba imekwisha kuanguka, nguzo ya kati tu imesimama, inafuka moshi. Kule kilimani hawapo tena. Niliwaona wakigeuka. Shangazi alitangulia na fimbo yake. Kemilembe alisimama kidogo, akanyoosha mkono mmoja juu, halafu akashuka upande wa pili.

Atalala njiani leo, kesho kutwa atakuwa Mabira. Atafika na uso wake mzima.